Tangi la Choo

3 Februari

Kitindamimba wangu,

Natumaini hujambo. Mimi nipo, ila magoti yananisumbua, na nina uchovu usioisha hata nikilala. Ule waya uliofunga ndani ya tangi la choo wakati unaondoka umekatika. Ukibonyeza kitufe, hakuna kitu. Naflashi kwa ndoo. Kutoka bombani hadi chooni napumzika njiani kama bibi kizee, na bibi kizee ndiyo nimeshakuwa. Utakuja lini?

Mama yako

15 Februari

Shikamoo mama,

Mimi mzima, ila kufua mashuka ya hoteli kumenimaliza. Nikirudi chumbani najitupa kitandani na viatu vyangu. Pole na ndoo. Waya ule ulikuwa wa kushikiza tu, mama, nao umejitahidi. Mashine ya ndani imechakaa, ibadilishwe yote. Mwite fundi bomba wa hapo mtaani, si kazi kubwa.

Mwanao

2 Machi

Marahaba mwanangu,

Pole na mashuka. Fundi alikuja. Nikampa chai, tukaongea vizuri, nikamwambia aende zake. Ana mikono michafu. Ndoo nimeshaizoea. Kitanda chako nimekitandika shuka ambalo halijafuliwa na wewe. Utakuja lini?

Mama yako

29 Machi

Shikamoo mama,

Nisamehe kwa kuchelewa. Wenzangu wamepunguzwa kazini na tuliobaki tunafanya na kazi zao. Mama, wewe umeona wapi fundi bomba mwenye mikono misafi? Nimecheka, kisha nimekasirika. Utateleza na hiyo ndoo, na mimi niko mbali, nitafanya nini?

Nimenunua mashine mpya, ataileta jirani yangu anayekuja huko. Mpe fundi yule yule, na asome hapa: afunge koki, amalize maji tangini, alegeze bomba linaloshuka, afungue nati kubwa chini ya tangi, atoe mashine ya zamani. Ile mpya, mpira wake ukae ndani ya tangi, nati nje. Akaze kwa mkono tu. Akitumia spana plastiki itapasuka.

Mwanao

20 Aprili

Kitindamimba wangu,

Naomba barua hii ikukute umepumzika japo kidogo. Mzigo ulifika. Nimefunga mwenyewe, na hapana, sikumwita mtu. Mara ya kwanza mpira niliuweka nje, nilipofungua koki choo kikawa bwawa. Nikapindua ndoo, nikaikalia, nikalia. Sikulilia maji. Jana nikarudia, mpira ndani, nikakaza kwa mkono kama ulivyosema. Sasa nabonyeza kwa kidole kimoja, maji yanashuka, tangi linajaa, linanyamaza.

Yule fundi mikono yake haikuwa na neno. Nilimrudisha kwa sababu niliona choo kikipona sitakuwa na la kukuitia. Nimekuuliza utakuja lini, ukanijibu habari za tangi. Nikauliza tena, ukaniletea mashine. Nimechoka mwanangu, na kuchoka kwangu si kwa ndoo.

Basi, choo kimepona. Nimezunguka nyumba nzima, nimekagua hadi bawaba za milango, hakuna kilichoharibika.

Njoo hivyo hivyo.

Mama yako