Upande wa Benchi

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji, na kwa huyo aliye tumboni ambaye sasa kila mtu anamsalimia. Natumaini mgongo umepunguza kuuma na miguu haivimbi tena. Mimi mwili ni mzima. Barua hii nimeianza mara tatu, na kila nikifika mstari wa pili nainuka kuchungulia dirishani, kana kwamba kuna mtu nimemwita.

Kazini tunaendelea kubandika utando wa faragha kwenye skrini, ule unaomwezesha aliye mbele kusoma huku aliye pembeni akiona giza tupu. Wateja ni wengi: mabenki, mawakili, hata mwalimu mkuu mmoja anayecheza karata ofisini. Fundi wetu mkubwa tunamwita Mzee Kagua. Ananitania kwamba nina mikono ya fundi na makalio ya mwenye haraka, hayakai popote.

Barua yako ya mwisho nimeisoma hadi imechanika kwenye mikunjo. Ulisema baada ya mimba mbili kuharibika uliapa kuificha hii hadi mwezi wa tano, lakini siku ya pili tu baada ya kupimwa, mama mkwe akaja na pongezi na masharti yake. Pale zahanati waliojua ni daktari na rafiki yako wa mapokezi tu. Jirani yako mshonaji alikuwepo, lakini kwenye benchi la pembeni, mbali, asingeweza kusikia. Ukasema huyo rafiki wa mapokezi, aliyeitwa Chiriku tangu shuleni kwa kupenda kuongea, ungetarajia nini kwake. Ukamshtaki kwa daktari, akafukuzwa kazi. Alilia akisema hakutamka neno, nawe hujapita mlangoni kwake tena.

Wiki iliyopita nilimaliza skrini ya wakili mmoja, nikasimama kuikagua. Mzee Kagua akasema utando haukaguliwi hivyo, niende nikakae kwenye kiti cha pembeni, wanakokaa wateja wa wakili. Akanieleza kwamba ndani yake mna vipande vyembamba visivyoonekana, na lazima visimame wima. Ukiulaza, utamziba aliyesimama na kumwachia wazi aliye pembeni. Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyejua siku zote.

Dada, skrini ya mapokezi ya zahanati yenu niliibandika mimi, mwaka jana, kabla sijahamia huku. Walikuwa wameisimamisha wima, na utando niliokuwa nao ulikatwa kwa skrini iliyolala. Nikaugeuza ukaenea. Nilikaa, nikasoma vizuri. Nikasimama, kukawa giza. Nikafurahi, nikakusanya vifaa. Kwenye benchi la wagonjwa sikwenda kukaa hata dakika moja.

Jumamosi nilikuja huko bila kukuambia. Nilikaa mwisho wa lile benchi, nikasoma jina la mzee nisiyemjua pamoja na ugonjwa wake, ambao hata mkewe pengine haujui. Mshonaji hakuhitaji kusikia chochote. Siri yako niliianika mimi.

Nilimwambia daktari yote, nikabandua, nikabandika upya, safari hii nikikaa kila kiti. Kisha nikaenda kwa Chiriku. Nilitegemea matusi, akanipa maji ya kunywa. Daktari yuko tayari kumrudisha, lakini Chiriku mwenyewe anasema kazi inaweza kusubiri. Anachotaka ni wewe uende kwake. Baada ya hapo nilipita mbele ya nyumba yenu, nikaona kanga zako kwenye kamba, nikashindwa kubisha hodi. Niliona haya, na bado naona.

Mficha uchi hazai, nami nimefunua wangu. Nilaumu upendavyo, hata mwaka mzima, ila kwanza ukamgongee mlango. Ameanza kufuma kofia ya mtoto. Alikuwa ameificha chini ya mto nilipoingia, lakini pale nilipokaa niliiona.

Nisalimie shemeji, na mgongo usiuchoshe.

Mimi mdogo wako,
mwenye haraka