Neno la Sultani Lenye Nilikataa Kutafsiri

Buyenzi, Bujumbura

Mama Furaha wangu,

Jambo sana. Mi niko muzima, mwili hauna neno, ni roho tu inakataa kutulia. We je? Miguu ya mama yangu bado inamuuma? Na kale kadogo ketu kameanza kutembea ao kangali kanashika ukuta? Furaha anapata usingizi? Nauliza na najua majibu yatakawia, lakini mutu hawezi kuanza barua na kilio.

Yule jirani yako mwenye anauzisha samaki ndagala alinifikia jana kazini. Mpaka umefungwa lakini alipita, sitaandika hapa alipita wapi. Akanipa neno lako: "Bibi yako anauliza, vita inakaribia, tutoke Uvira ao tubaki? Bila wewe kusema, mama yako hatakubali mutu atoke mu nyumba." Anarudi kesho asubui, na simu hazipiti. Ni lazima nimupe jibu, na mi jibu sina. Acha nikueleze kwanza kitu kilinipata, utaelewa.

Kazi yangu unaijua. Nakaa kando ya televisheni mu nyumba ya video, mikro mu mukono, nasoma Kifaransa yenye inapita chini ya picha, naigeuza mu Swahili watu wafuate. Naongeza na chumvi yangu, ndiyo maana wananipenda. Siku hizi tuko na filme ya Waturuki, kipande kimoja kwa siku, ya sultani wa zamani sana, Kilij Arslan. Wenye wanakuja ni mafundi na wauza piesi za magari, karibu wote Waislamu, wanaingia wakitoka ku swala ya alasiri, mikono ingali na mafuta ya moteri. Sultani ni wao kabisa. Wakiona wale askari wa Ulaya wenye misalaba kifuani, wananigeukia mi Mukristo: "Ndugu zako wamefika, wapokee." Nami nawajibu, "Wangekuwa ndugu zangu wangeniletea hata sabuni." Tunacheka, tunaendelea.

Sasa sikia. Kundi la kwanza la wale wenye misalaba lilikuja ovyo ovyo, sultani akalipiga likaisha. Akasema basi, hawa ni watu wa bure. Akaacha bibi yake na watoto mu muji wake, Nikea, muji wenye uko kando ya ziwa, na yeye akaenda mbali mashariki kugombania muji mwengine na Muturuki mwenzake. Huku nyuma wakaja wenye misalaba wa vita kweli, chuma mwili muzima, pamoja na askari wa Kaisari wa Konstantinopoli. Wakazunguka Nikea. Mama Furaha, muji kando ya ziwa kama Uvira, bibi na watoto mu ndani, na baba iko mbali.

Sultani akarudi mbio. Akapigana siku nzima na hakuweza kupita. Akageuza farasi, akatuma neno kwa watu wa muji. Neno likapita chini ya picha, Kifaransa ya kawaida, hata mutoto wa shule angeisoma: siwezi tena kuwafikia, mufanye vile mutaona ni vizuri.

Nikashusha mikro. Mze Salumu, mwenye nyumba ya video, akanigusa bega. "Tafsiri bwana, watu wanangoja." Basi nikasema mu mikro: "Sultani anasema, mukae pale pale, niko nakuja, kesho mutaniona ku mulango." Watu wakapiga makofi. Wengine walitoka pale wanaimba.

Kesho yake kipande chenye kilifuata kikafichua uongo wangu mbele ya wote. Wale wenye misalaba waliletewa mitumbwi na Kaisari, ikavutwa ku inchi kavu mpaka mu ziwa, na ziwa ndiyo ilikuwa njia ya mwisho. Muji ukajitoa kwa Kaisari. Bibi ya sultani na watoto wakapelekwa Konstantinopoli. Mafundi wakasimama: "We ulisema anakuja. Iko wapi?" Mze Salumu hakunigombeza. Alinitoa inje, akaniuliza, "Baba Furaha, watu wako wako wapi?" Nikamuonyesha milima ya Uvira kule ngambo ya ziwa. Akaangalia sana. "Basi Mungu awafunike," akasema, na mikro akaishika mwenyewe siku ile, Kifaransa chake kibaya, watu wakafuata hivyo hivyo.

Nilisoma mbele kidogo, mu vipande vyenye bado kuonyeshwa. Kaisari alimurudisha yule mama na watoto bila kuomba kitu. Nilitaka hiyo inifariji. Lakini mi hapa simujui Kaisari hata mumoja.

Salamu kwa Bahati, mudogo wangu fundi cherehani, mwambie asibebe ile mashine, abebe watoto. Salamu kwa shangazi Feza. Mubusu Furaha, na kale kadogo ukamate masikio yake vile mi nafanya.

Na jibu lako, nimelikimbia mpaka hapa chini ya karatasi. Toka huku naona milima tu. Ikitoka moshi, sijui ni vita ao ni mutu anachoma shamba. We ndiye unasikia, we ndiye unaona nani amebaki mu avenue na nani amefunga mulango. Nikisema toka, naweza kuwatuma mu risasi. Nikisema baki, vile vile. Naogopa, mama watoto, na siwezi kitu. Kwa hiyo musomee mama yangu hii, sauti kubwa, ndugu zangu wakiwapo: neno la bibi yangu ni neno langu. Ukitoka, ni mi nimesema mutoke. Ukibaki, ni mi nimesema mubaki. Na ikienda vibaya, mutu asikuulize we kitu. Ni mi nilikosea.

Bwana yako, mwenye iko ngambo na mikono mitupu,
Baba Furaha