Bao la Mama Huguette

Shoga, kaa nikusimulie! Si unamjua Gaétan, kipa wetu wa hoki ya barafu, yule ambaye kila mtoano mji mzima unamwita Chujio kwa mabao yanavyompita? Leo fainali, na mvi zake zile, kadaka kila kitu!

Na mwiko unaujua: kipa akiwa hajafungwa, hakuna kulitaja jambo hilo, utamletea bao.

Dakika za mwisho mama yake, Mama Huguette, akasimama jukwaani. Mama yake mzazi, shoga! "Mwanangu hajafungwa hata moja!"

Muuza chipsi akashika kichwa.

Papo hapo, bao.

Tumeshinda mbili kwa moja, lakini Mama Huguette kafukuzwa mpaka nje kwenye theluji. "Umetuponza, bibi wee!"

Tukamkuta anacheka mpaka machozi. "Mmesikia? Bao limeingia, na hakuna aliyemtukana mwanangu!"