Sauti Nyuma ya Ngoma

Kitindamimba wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, pamoja na radhi kwa kimya changu. Mimi ni mzima, ila goti. Paa la jikoni limezibwa.

Zile sauti za kuwekwa kwenye ngoma zako za umeme, ulizorekodi kwa ngoma za kawaida hapa nyumbani, nimezisafisha kama ulivyonielekeza. Kila ngoma ina matabaka matatu ya sauti, kila moja likiitika kwa kadiri unavyopiga: pigo la upole, la kati na la nguvu. Katika mapigo ya upole nilisikia mnong'ono, nikaudhani ni kelele tu, nikaufuta na kuhifadhi juu ya mafaili ya awali. Nilipofika faili la mwisho ndipo nilipovaa spika zako za masikioni, nikamsikia marehemu mama yako akikufokea kutoka jikoni: "Taratibu, we mtoto! Mzee wako kalala kama gogo!"

Sikuwa nimelala, mwanangu. Nilikuwa nikiwasikiliza.

Mengine yote nimeyafuta kwa mkono wangu, niwie radhi. Hilo moja sikuligusa, nalileta pamoja na barua hii. Tafadhali, ngoma yenye faili hilo uiguse kwa upole. Ukiipiga kwa nguvu litaitika tabaka jingine, naye hatasikika.

Ni mimi baba yako, mwenye majuto.