Mbuzi Wamefika, Akinyi Amesimama

Kyebando, Kampala
Jumapili jioni

Kwako yaya, dada yangu mkubwa mpendwa Perpétue,

Pokea salamu zangu nyingi, za moto kama maandazi yanayotoka kwenye mafuta. U hali gani huko Butembo? Mguu wa mama unaendeleaje, na barabara imetulia kidogo, au bado mnalala mmevaa viatu? Sisi huku tu wazima, Mungu ashukuriwe, na mimi ni zaidi ya mzima. Nimeolewa, yaya! Nikiamka naitazama pete kwanza, ndipo natazama kama mvua imenyesha.

Najua kilichokuuma ni kutokuwepo kwako harusini. Basi jua kwamba Pélagie, mwenzangu wa saluni, alinisuka tangu alfajiri huku akinikataza kulia. Obonyo aliazima koti la kaka yake, likambana mabegani, na bado hakuna mwanaume aliyempita kwa uzuri siku ile. Alipoulizwa kama ananikubali, alijibu kabla swali halijaisha, watu wakacheka. Mimi nikalia hadi wanja ukafika kidevuni.

Lakini harusi hii ilianza na mtoto. Mwalimu wa Akinyi alikuwa akiwahesabu wanafunzi kwa nchi zao. Alipowaita Wakenya, Akinyi akasimama kwa ajili ya baba yake. Alipowaita Wakongomani, akasimama tena kwa ajili yangu. Darasa zima likacheka, na msichana mmoja akamwita mtoto wa mpakani. Mwalimu akamwambia akae kwanza, mpaka alete uthibitisho wa uraia. Akaja nyumbani akaniuliza yeye ni wa wapi. Nilikuwa nasonga ugali, nikauacha ukaungua.

Unakumbuka, yaya, kwamba kwenye cheti chake cha kuzaliwa nafasi ya baba ilikuwa tupu. Si Obonyo aliyemkana. Ni baba yetu aliyesema mtoto hawezi kuandikwa kwa mwanaume ambaye mbuzi wake wa kumtambua mtoto hawajafika uani kwetu, na vita ilikuwa imefunga njia. Nikamtii baba. Obonyo alisimama nyuma yangu amembeba mtoto, akasikia ninavyomwambia karani aache wazi, wala hakugomba.

Mwaka huu ndipo mzee Katembo, yule mfanyabiashara wa Kasindi, alipowanunua mbuzi kwa niaba yetu, nawe ukawapokea, ukapiga simu tuwasikie wakilia. Obonyo alininyang'anya simu, akasema yule mwenye sauti nzito amemchagua yeye mwenyewe, ingawa hakuwahi kumwona! Kesho yake tulikwenda pamoja kwa karani wa vyeti, jina la Obonyo likaandikwa pale pengo lilipokuwa.

Ukabaki uthibitisho wa uraia wa Kenya. Jioni moja Obonyo alirudi kutoka Bwaise, anakotengeneza friji, akasimama mlangoni bila kuingia. Akasema amesikia kwamba bila cheti cha ndoa mtoto hatapata kitu. Wewe unajua nilikuwa nimeshamkataa mara mbili aliponiomba tuoane. Hapa mtaani watu husema sisi wanawake wa Kongo tunaolewa na pasi ya kusafiria, mume ni nyongeza tu. Sikutaka mtu yeyote amtupie Obonyo wangu maneno hayo. Lakini siku ile nilimjibu kwamba kama ni lazima kwa ajili ya mtoto, basi.

Wiki iliyopita tulikwenda kwenye ofisi ya Wakenya, sote watatu tumevaa nguo za harusi. Mama wa dirishani alisoma jina, Masika Akinyi, akauliza mbona Obonyo hayumo. Nikamweleza kwamba kwetu binti wa kwanza ni Masika, na kwa akina Obonyo aliyezaliwa asubuhi ni Akinyi. Akinyi akadakia kwamba baba hayumo kwenye jina kwa sababu yuko hapa, akamvuta mkono hadi dirishani. Yule mama alicheka, akasema hata pua imeshajieleza. Akapokea kitambulisho cha Obonyo na cheti cha mtoto. Nami kwa mbwembwe nikatoa cheti cha ndoa.

Akanirudishia. Alitupongeza, kisha akasema hicho hakihitajiki, kwamba mtoto wa Mkenya ni Mkenya tangu anapozaliwa, wazazi wawe wameoana au la. Kinachotakiwa ni kuthibitisha mzazi ni nani tu. Nikamgeukia Obonyo. Alikuwa anaangalia feni.

Tulipofika karibu na Mulago nilimbana. Akakiri kwamba alijua tangu mwanzo. Alisema aliniomba kwa mapenzi nikakataa, akaniomba kwa heshima nikakataa, ikabidi aniombe kwa serikali. Nilicheka hadi nikakaa ukingoni mwa barabara na gauni langu!

Na Akinyi? Mwalimu alipohesabu upya, alisimama kwa Kenya kichwa juu, uthibitisho mkononi. Kisha akasimama tena kwa Kongo, akamwambia yule msichana kwamba huku ni kwa mama na hakuna wa kumkalisha. Mwalimu akamwacha.

Sasa yaya, hapa soma ukiwa peke yako. Nami nilijua. Pélagie alishawafuatia wanawe uthibitisho kama huo, na baba yao ni Mkenya ambaye hajamwoa hadi leo. Alinieleza yote kabla Obonyo hajasimama pale mlangoni. Ningeweza kumuumbua palepale. Lakini jasho lilikuwa linamtoka, kofia anaikunja mikononi, nikaona kuwa mtu huyu hatafuti cheti chochote, ananitafuta mimi. Nami nilikuwa nimechoka kukataa kitu ninachokitaka. Nikainamia sufuria asione ninavyocheka, nikasema kama ni lazima, basi.

Usimwambie shemeji yako. Yuko hapa anachemsha chai, anauliza kwa nini barua ni ndefu hivi. Mwache ajione mjanja.

Mbusu mama, na uwasalimie mbuzi, hasa yule mwenye sauti nzito.

Ni mimi mdogo wako,
Estelle, mama Akinyi, na sasa, kwa hiari yangu yote, mke wa Obonyo