Boila Alilolichomelea Baba

Rybnik, 19 Novemba

Kaka Alojzy,

Salamu kwako na kwa wifi hapo Dortmund. Naamini mu wazima na vyumba vyenu vina joto. Sisi tunajikongoja. Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei, na ukipokea ni kufoka tu.

Barua yako imefika. Umesema boila la makaa ya mawe lisiguswe kwa kuwa Baba alilichomelea kwa mikono yake, na kwamba, ingawa nyumba ni yetu sote, hutatia saini karatasi ya kuweka la gesi mpaka Mama azikwe. Mama alitaka nimsomee. Nikamsomea yote, hata hilo la kuzikwa. Wewe unakuja Pasaka, unakula rolada ya nyama, unalipapasa boila ukilisifu, halafu huyoo, umeondoka. Anayeshuka ngazi hadi chumba cha chini na ndoo ya makaa ni ajuza wa miaka themanini na moja. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Basi sikia. Wiki mbili zilizopita nilimkuta amezimia kando ya boila, kisu cha kumenyea viazi bado mkononi. Wazimamoto walipima hewa, wakasema ni ile sumu ya makaa isiyo na harufu. Alilazwa siku tano. Majirani wakalilaani boila, nami nikalaani kwa sauti kuliko wote. Parokia nzima niliitangazia kwamba ukaidi wako nusura umuue mama yako. Nilisema hivyo mlangoni mwa kanisa, na sikuona haya.

Sasa lililonikaa kooni. Mama aliporudi, alikuja mfagia bomba la moshi. Akakagua kila mahali, akasema boila halina hata ufa, Baba alikuwa fundi kweli. Tatizo lilikuwa tundu la hewa ukutani: limezibwa kwa taulo, moto ukakosa hewa. Taulo lile nililisokomeza mimi, Alojzy. Mimi, binti wa mchimba makaa! Nilitaka Mama asipigwe na upepo akimenya viazi kule chini kwenye joto. Mfagiaji akauliza nani kaziba. Mama akamwambia ni yeye, uzee umemla akili.

Mtu yule alipoondoka nililia kama mtoto. Nikamwambia Mama boila libaki, kwani halina kosa. Akanitazama, akasema, "Litoke, mwanangu. Likibaki, kila ukishuka pale utaniona nimelala sakafuni."

Kwa hiyo uliyoyasema kuhusu boila yalikuwa kweli, na mimi nilikusingizia mbele za watu. Jumapili nitasimama mlangoni pale pale niseme. Lakini hilo la kuzikwa sijakusamehe. Karatasi nimeiambatisha. Tia saini, si kwa sababu boila ni bovu, bali kwa sababu Mama ameomba, na kwako hajawahi kuomba kitu.

Mama anakusalimu sana. Salamu zangu ni zile za juu, zatosha.

Mdogo wako,
Urszula