Mukwe amesifu violon yenye haikulia

Mama Olive, weye unashauriaka bantu ku redio, nakuomba unisaidie mbele ya ngombe za mahari kufika kwetu, juu zikishaingia mu lupango, mu kiwanja yetu, kinywa yangu itabaki ya kukulia bugali tu. Minye ni Pélagie wa hapa Kilibula. Minye njo nasema, Fanny jirani yangu anaandika, na nimemukataza kunitengenezea maneno, juu bantu benye balisoma bakikutengenezea neno, unakuta si yako tena.

Neno ni hii. Mujukuu wangu Noella, minye njo nilimulea, anapiga piano. Si ile sinte ya umeme ya kanisa yenye inajipigiaka ngoma yenyewe, hapana, piano ya kweli, alifundishwa na bamasela, batawa ba kike, kule Bujumbura, na mwanzo nilichukia, nilisema huyu mutoto atanipasulia kichwa, lakini muntu anazoea, hata mbuzi ya jirani unazoea. Sasa bakafanya diski, yeye na Charlotte mwenye violon, na Evariste mwenye ile violon kubwa, violonseli, yenye banakamataka katikati ya magoti kama mama anasuka mutoto nywele. Banasema ni muziki ya bantu kidogo, ya kupigia mu nyumba, hakuna ngoma, hakuna mwenye kuimba. Nikauliza, "Sasa nani atacheza?" Noella akasema, "Koko, hii banaisikilizaka, habaichezake." Nikasema haya.

Siku ya kurekodi, mvua ikakata barabara, Evariste akabaki kwao Sange, na fundi wa kurekodi alikuwa anarudi Bujumbura, hangengoja, basi bakapiga babili tu, sehemu ya Evariste Noella akaibeba na mukono wa kushoto. Lakini karatasi ya juu ya diski ilikuwa imekwisha kuchapwa, majina matatu, na picha ya ile violonseli. Bakasema nani atatupa makaratasi yote hii? Bakaacha vile.

Haya, Thierry. Thierry njo mwenye anataka kumuoa Noella, na iko na emisyo, kipindi yake mwenyewe, ku redio siku ya yenga, tukitoka misa, anasifu diski mpya za piano zenye zinatoka Bulaya. Mama Olive, anasifu zote! Sijasikia hata moja yenye alikataa. Hii ni hariri, hii ni mwanga, hii inapumua. Diski ikipumua, si ipelekwe dispansere? Hata sombe ku nyungu iko siku inaungua, lakini kwa Thierry hakuna sombe yenye inaungua. Na anavaa eshalpe ku shingo, hapa Uvira, na hii joto, samaki zinakaukia ku mukeka na yeye amejifunika.

Siku yenye alisema atasifu diski ya Noella, lupango yote tukakaa, redio ku dirisha, Noella anachambua muchele. Thierry akaanza, hariri, mwanga, nikajua tutafika ku kupumua, tukafika. Kisha akasema, "Na violonseli ya Evariste! Inalia kama Ruzizi ikiingia mu ziwa, imenitoa machozi!"

Mama yangu! Étienne, baba ya Noella, akapiga mikono, "Musikie mukwe wangu!" Nikasema, "Evariste alilia kutoka Sange?" Étienne akasema, "Mama, nyamaza, muntu anatusifu." Noella akasimama, akaenda kuanua nguo, na nguo zilikuwa mubichi bado.

Mangaribi Thierry akakuya, eshalpe yake, akaketi, "Koko, ulinisikia?" Nikamujibu, "Nilikusikia. Na diski, weye uliisikia?" Akacheka, "Koko na yeye! Minye niko na sikio ya muziki." Na Étienne anamuongeza muchuzi!

Sasa sikiliza vile kwetu tunafanyaka. Siku ya mahari, musemaji wa kwao anasimama anasifu ngombe, moja moja, hata kama mbavu ziko inje atakuambia ni mwezi inatembea, na hakuna muntu anakasirika, juu ni siku ya kusifu, na ngombe imesimama pale, kila muntu anaiona na macho yake. Thierry amekulia mu ile mambo, baba yake alikuwa musemaji, na yeye amekamata sifa za ngombe amezipeleka ku diski. Lakini diski haisimamake mu lupango, Mama Olive, ya diski ni masikio tu. Na musemaji akimaliza, mwanamuke mukubwa mwenye alilea binti njo anajibu "Tumesikia." Hajasema, kamba ya ngombe haipokelewe. Mwanamuke ule ni minye.

Nifanye namna gani? Siku ya posho, jumamosi yenye inafuata yenga hii, banakuya na ngombe. Nikatae kusema "Tumesikia"? Nisimame mbele ya jamaa zote mbili niseme huyu muntu amesifu violon yenye haiko? Étienne anasema nitaaibisha ukoo. Noella anachambua muchele tu. Naogopa atapiga piano maisha yake yote, bwana yake anaangalia simu, anasema hariri, hariri.

Minye ile diski naisikilizaka. Noella akitoka, Fanny ananipigia. Sikusoma, sijui kama ni nzuri. Mukono wa kuume wa Noella unakimbia sana, kama muntu amesahau nyungu ku moto. Lakini mu ile kipande ya pili kuna fasi Charlotte anachelewa kidogo, na Noella anamungojea, hamusukume, anamungojea. Na ya mwisho, mukono wa kushoto unashuka chini kabisa, unatafuta Evariste. Pale namuambiaka Fanny arudie.

Pélagie, Kilibula

*

Mama Pélagie,

Hapa redio tumecheka mpaka fundi akazima mikro, na barua yako haikupita ku hewa. Kicheko imeisha, sasa tusemezane.

Thierry kwanza. Kinywa iko nayo, masikio hapana. Muntu mwenye anasifu kila diski ni kama muntu mwenye anaamkia wazima na maiti sawasawa. Umemuona vizuri, na sitamutetea.

Lakini kumukatalia ile "Tumesikia" siku ya posho mbele ya ngombe, weka hiyo chini. Unafikiri utaaibisha Thierry, na mwenye ataaibika ni Noella. Bantu batachukua diski, bataangalia karatasi, batauliza Evariste iko wapi. Uongo ya kwanza haikutoka ku redio, mama. Ilichapwa kwenu, na mukaacha vile.

Na sasa weye. Nimesoma barua yako mara mbili, natafuta fasi ulimuambia Noella ile umeniambia minye. Sikuiona! Mwenye hakusikiliza amemusifu mbele ya muji yote, na mwenye alisikiliza anangojea mutoto atoke njo aweke diski. Siku ile ya redio, mbele ya lupango yote, ulitaja nani? Evariste. Noella hukumutaja. Unafikiri alikimbilia nguo mubichi juu ya Thierry peke yake?

Fanya hivi. Leo, mbele ya kuwasha moto, umuite. Umuambie fasi anamungojea Charlotte. Umuambie na mukono wa kuume unakimbia, atakasirika, aache akasirike, atajua umesikiliza. Kisha umuulize neno moja: unamutaka huyu muntu? Na ungoje jibu, weye mwenye kusema sana.

Akisema ndiyo, yeye mwenyewe amukalishe Thierry, bapige diski kutoka mwanzo mpaka mwisho, simu ya Thierry ikae kwa Noella, eshalpe ku musumari. Na Thierry arudi ku emisyo yake aseme, nilisifu kitu sikusikiliza. Akiweza ile, siku ya posho utasema "Tumesikia" mpaka ziwa lisikie. Asipoweza, Noella njo atakata neno. Weye usikate.

Na akisema hapana, weye uende kwa Étienne asubuhi, na miguu yako, si siku ya mahari, umuambie ngombe zibaki kwao Thierry. Batakukasirikia. Bakukasirikie weye, bamuache mutoto.

Mama Olive